Mchoro wa Moyo wa Mlezi Mkuu

Kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika kumi, Kidawa Chambuso alimimina maji ya uvuguvugu kwenye bakuli la plastiki, akavitumbukiza humo vile vikombe sita vya kunyonya ambavyo hubandikwa kifuani mwa mgonjwa wakati wa kupima umeme wa moyo. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kufanya hivyo. Vyuma vya vikombe hivyo hulala na baridi, na Kidawa hakupenda kumwona bibi wa watu akishtuka kitandani kabla hata hajapimwa. Alivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa safi, akaweka karatasi mpya kwenye mashine, akafungua dirisha, kisha akasema "karibu" kwa sauti ndogo kiasi kwamba aliye mlangoni hubaki pale pale mpaka airudie.

Siku hiyo hakufika kwenye karibu. Alikuwa anafuta kikombe cha nne mlango ulipofunguka bila hodi, wakaingia wanaume watatu waliovaa suti za kitambaa kimoja. Wa kwanza alishika nyundo, wa pili msumari, na wa tatu alikumbatia fremu kubwa iliyofunikwa bendera.

"Endelea tu na kazi, dada," alisema mwenye nyundo, akapanda na viatu vyake juu ya kitanda cha wagonjwa.

Wakapigilia msumari, wakatundika fremu, wakaondoa bendera, wakasimama wima dakika moja. Kisha wakamletea Kidawa daftari asaini kwamba ameona. Akasaini. Wakatoka, maana walikuwa na kuta nyingine mia nne za kupigilia.

Ndani ya fremu hiyo ya rangi ya dhahabu hamkuwa na sura ya mtu. Mlikuwa na mchoro wa moyo, ule mstari unaopanda na kushuka kwenye karatasi ya miraba. Chini yake paliandikwa: MOYO WA MLEZI MKUU. MOYO SAHIHI NI HUU.

Kidawa aliutazama kwa muda wa kufuta kikombe kimoja, na muda huo ulimtosha. Mapigo mawili yalifuatana kwa pupa, la tatu likachelewa, kisha yakaja manne kwa mkupuo kama abiria wanaogombea mlango, halafu kimya. Kile kilima kidogo kinachotangulia kila pigo hakikuwepo kabisa. Mahali pake mstari ulitetemeka kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angejua. Vyumba vya juu vya moyo huo havikuwa vinasukuma damu, vilikuwa vinatikisika tu. Damu inayokosa kusukumwa hutulia kwenye kona, ikaganda, na siku moja bonge lake hutoka na kupanda kichwani.

Kidawa alikuwa na sababu nyingine ya kuutambua mchoro ule. Aliwahi kupiga mwingine wa aina hiyo hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Ulikuwa mchoro wa baba yake.

*

Inafaa hapa kueleza jinsi utafiti uliozaa mchoro huo ulivyofanyika, kwa kuwa ni utafiti ambao nchi hiyo inajivunia mpaka leo.

Wanasayansi wa nchi hiyo walitambua, na walikuwa na haki kabisa, kwamba vitabu vya tiba ya moyo vimeandikwa kwa kupima mioyo ya watu wa mbali. Wakaamua kupima mioyo ya wananchi wao wenyewe, elfu kumi kwa hesabu, ili wajue moyo mzima wa nchi yao hupigaje. Walipofika mwananchi wa kumi na tisa, mtu mmoja kutoka ofisi kubwa aliwatembelea na kuwasaidia. Kwa mujibu wa Katiba, alisema, Mlezi Mkuu anawakilisha wananchi wote. Kwa hiyo ukimpima yeye umewapima wote, na kuendelea kupima wengine ni kuonyesha kwamba unaitilia shaka Katiba.

Wanasayansi walipiga hesabu upya, wakaona ni kweli. Ripoti ilitoka na majina ya waandishi arobaini na mmoja. Ilihakikiwa na wataalamu watatu, nao waliisoma wakiwa wamesimama.

Shida ilikuwa kwenye mashine. Nchi ilikuwa imenunua mashine mpya yenye akili mnemba, iliyofundishwa kwa mamilioni ya michoro, yenye uwezo wa kuona dalili ambazo jicho la daktari hupitwa nazo. Ilipolishwa mchoro wa Mlezi Mkuu ilitoa karatasi fupi: *Mgonjwa huyu aonwe na daktari leo.* Wakailisha tena. Ikaandika vile vile, ikaongeza: *Tafadhali.*

Mashine ilipelekwa kwenye mafunzo ya uzalendo kwa wiki tatu. Iliporudi ilikuwa imetulia na inajibu vizuri.

*

Matokeo yalikuwa makubwa. Katika mwezi wa kwanza iligundulika kwamba wananchi tisini na sita katika kila mia wanaumwa. Ugonjwa wao uliitwa Mapigo Yaliyonyooka, na wengi walikuwa wameishi nao miaka yote bila kuhisi lolote, jambo lililothibitisha jinsi ulivyo wa hatari.

Tiba ilikuwa bure. Wagonjwa walikwenda kambini, wakanyweshwa kahawa kali vikombe vinane kwa siku, wakapandishwa ngazi huku wakisomewa hotuba, na kila baada ya muda afisa aliyejificha nyuma ya pazia alipasua puto. Bendi nzima ya polisi ilikutwa katika hatua mbaya, kwani mioyo yao ilidunda kama ngoma ya gwaride. Mkimbiaji mmoja bora wa mbio ndefu, aliyekuwa na mapigo hamsini kwa dakika yaliyopangana kama vigae, alilazwa mara moja. Baada ya wiki mbili alianza kukosa usingizi na kuhema akiwa amelala, na redio ikatangaza kwamba anaendelea vizuri.

Wale wanne katika mia, ambao mapigo yao hayakuwa na mpangilio wowote, walipewa Cheti cha Moyo wa Mfano. Waraka Namba Kumi na Mbili ukapiga marufuku kuwapa dawa ya aina yoyote, isije ikawaharibu. Vidonge vya kuzuia damu kuganda, ambavyo wengi wao walikuwa wakimeza, vilikusanywa na kufungiwa stoo.

Kidawa alikwenda kwa mkuu wa hospitali, Daktari Ndimbo. Alijizoeza maneno ya kusema kuanzia chumbani kwake mpaka mlangoni, hatua sitini na mbili.

"Daktari, samahani. Ule mchoro ukutani. Mapigo yake, nimeona kama hayako sawa."

Daktari Ndimbo hakumjibu yeye. Alimgeukia Bwana Shekimweri, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya mlango.

Kila ofisi ya nchi hiyo ilikuwa na mtu kama Bwana Shekimweri. Miaka kumi na moja nyuma serikali ilibaini kwamba wananchi wanasema mengi lakini hawajui wanachomaanisha, ikaunda Wizara ya Ufafanuzi na kupeleka Mfafanuzi mmoja kila idara. Mwananchi akisema bombani hamna maji, Mfafanuzi hueleza kwamba anamaanisha anashukuru kwa bomba. Watu walishazoea. Wapo waliomaliza miaka bila kujiuliza walichokuwa wakitaka kusema.

"Bi Kidawa anamaanisha," alisema Bwana Shekimweri kwa upole, "kwamba mapigo yale hayawezi kuwa sawa na ya mtu wa kawaida."

"Umenena vyema, Bi Kidawa," alisema Daktari Ndimbo. Mkono wake ulikuwa unakunja na kukunjua kona ya karatasi. "Ahsante kwa mchango wako."

Kidawa akashukuru, akarudi hatua sitini na mbili. Alikuwa mtu wa haya. Aliwahi kupitwa na watu tisa kwenye foleni ya mkate, akamwomba radhi yule wa tisa kwa kumzibia njia.

*

Mzee Chambuso, baba yake, alikuwa fundi cherehani wa Idara ya Sare kwa miaka thelathini na nane. Alishona sare za madereva, wapiga tarumbeta na wafungua milango. Kila mwaka idara ilitoa cheti cha mfanyakazi bora, na kila mwaka kilikwenda kwa mtu mwingine, mara mbili kwa mtu aliyekwisha kufariki. Alistaafu akapewa mkasi wake mwenyewe.

Alipopimwa na kupewa Cheti cha Moyo wa Mfano, alirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, ili watu wamwone nacho.

"Mama, hebu njoo," alimwita Kidawa, maana alizoea kumwita binti yake mama tangu mkewe afariki. "Soma hapo. Soma kwa sauti."

"Ndugu Chambuso," Kidawa alisoma, "una moyo sahihi na hutahitaji dawa maisha yako yote."

"Hapo pa mwisho rudia."

Akarudia. Mzee akacheka peke yake, akashona fremu ya kitambaa chekundu na kukitundika cheti sebuleni. Vidonge vyake alishavirudisha hospitali mwenyewe, vimehesabiwa, na pakiti tupu juu.

Jirani yao, Bi Mwantumu muuza vitumbua, naye alikuwa na cheti. Alikipata Jumatatu. Ijumaa asubuhi alikuwa amechutama mbele ya jiko, mwiko ukamtoka mkononi, na alipojaribu kumwambia mteja amwokotee, mdomo ulikwenda upande mmoja na neno halikutoka. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havikusogea tena. Mfafanuzi wa mtaa alifika kabla ya gari la wagonjwa, akaeleza kwamba upande wa kulia wa Bi Mwantumu umestaafu kwa heshima baada ya utumishi wa muda mrefu.

Jioni Kidawa alikwenda kumlisha uji. Aliporudi alimkuta baba yake amekaa chini ya cheti, ameweka kiganja kifuani.

"Kifua kinakuruka, baba?"

"Kidogo. Kinajizoeza."

"Baba, Bi Mwantumu..."

"Maskini. Huyo atakuwa alikula kitu." Akapandisha pumzi, akaishusha. "Wamenichagua, mama. Siku ya Moyo wa Taifa nitakaa kiti cha safu moja na Mlezi Mkuu, tupimwe pamoja, nchi nzima itazame. Na mpimaji ni wewe. Sasa unataka nini tena?"

Kidawa alijua anachotaka. Alichukua kitambaa akapangusa vumbi kwenye fremu.

*

Siku ya Moyo wa Taifa, saa nne asubuhi, uwanja wa hospitali ulijaa mahema na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa. Wagonjwa wa Mapigo Yaliyonyooka waliketi nyuma, wakitetemeka kwa kahawa.

Mlezi Mkuu alipanda jukwaa lenye ngazi tatu. Alisimama kwenye ya kwanza, akahema, watu wakapiga makofi. Alisimama kwenye ya pili, akashika goti, makofi yakazidi. Alipofika juu alikuwa na rangi ya majivu, na bendi ya polisi, au wale waliokuwa bado wanaweza kupuliza, ikapiga wimbo.

Kidawa alimfungua vifungo vya shati na kumbandika vikombe. Hakuwahi kumwona kwa karibu. Alikuwa mzee mfupi, ana jasho kwenye kola, na chini ya kiganja cha Kidawa moyo ulikuwa unapapatika kama kuku aliyekamatwa.

"Binti," alinong'ona Mlezi Mkuu, "hiki kitu hupiga hivi muda wote?"

Kidawa alitazama kando kuona nani atafafanua. Hapakuwa na mtu karibu.

"Nimewaambia mara tatu kwamba kifua kinanisumbua," aliendelea Mlezi Mkuu. "Mara zote tatu wameniandikia hotuba."

Kiti cha pili alikaa Mzee Chambuso, suti ameishona mwenyewe, cheti mapajani. Kidawa akambandika naye. Mzee akamkonyeza.

Michoro miwili ikatokea kwenye skrini kubwa, mmoja juu ya mwingine, yote miwili ikitetemeka na kurukaruka. Daktari Ndimbo alihutubia kwa dakika arobaini. Alisema sayansi ya dunia imechelewa na sasa inakimbia nyuma yetu ikiomba tusimame. Alisema zamani mwananchi alikuwa anapigiwa moyo na vitabu vya watu, na sasa anapigiwa na serikali yake. Kisha akampa Kidawa kipaza sauti na kadi yenye sentensi moja.

Kidawa akaisoma. "Mioyo hii miwili ni sawa."

Makofi. Daktari Ndimbo akanyoosha mkono apokee kipaza sauti, lakini hakupewa. Kidawa alikuwa anamtazama baba yake, ambaye alikuwa anatabasamu na kuhema, kuhema na kutabasamu.

"Na yote miwili ni migonjwa," alisema Kidawa.

Bwana Shekimweri alikuwa amesimama kabla sentensi haijaisha. "Bi Kidawa anamaanisha kwamba mioyo hii imechoka kwa kuwatumikia wananchi bila kulala."

Makofi yakaanza upya. Mlezi Mkuu akainua kiganja, yakakatika.

"Wewe kaa," alimwambia Bwana Shekimweri. "Binti, unamaanisha nini?"

Tangu Wizara ya Ufafanuzi ianzishwe, hakuna mwananchi aliyewahi kuulizwa swali hilo mwenyewe. Bwana Shekimweri alikaa, akakosa kiti, akainuka akakaa tena.

"Ni ugonjwa, Mheshimiwa," alisema Kidawa. "Unajulikana siku nyingi. Damu inaganda moyoni, ikifika kichwani ni kiharusi. Dawa yake ipo."

"Ipo wapi?"

"Stoo. Imefungiwa."

"Na nani?"

"Waraka Namba Kumi na Mbili."

"Huo waraka wa nani?"

Daktari Ndimbo aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Wako, Mheshimiwa," alisema Kidawa.

Mlezi Mkuu alifikiri. "Mimi huwa nasaini tu," alisema. "Leteni hivyo vidonge. Cha kwangu na cha mzee mwenzangu."

Hapo likatokea jambo la kupendeza. Daktari Ndimbo, ambaye kwa miezi hakuonekana kukumbuka chochote cha udaktari, aliinuka na kumwuliza Mlezi Mkuu, na baada yake Mzee Chambuso, maswali ya figo, ya ini, ya vidonda vya tumbo na ya dawa nyingine, kwa mpangilio, bila karatasi. Alitaja kipimo cha kila mmoja papo hapo. Kumbe hakuwa amesahau hata neno moja. Alipomaliza alijifuta macho kwa tai.

Vidonge vikaletwa kutoka stoo, Mlezi Mkuu akameza cha kwake. Watu walitazama koo lake likipanda na kushuka, hawakujua kama wapige makofi.

"Mlezi Mkuu anamaanisha," alisema Bwana Shekimweri, aliyekuwa ameanza kupata nguvu, "kwamba kuanzia leo wananchi wote, wagonjwa na wazima, watameza kidonge hiki."

Nchi ikashangilia. Kidawa, aliyejua kwamba mtu mzima wa afya akilainishwa damu bila sababu anaweza kuvuja kutwa nzima kwa kujikata na wembe, aliona kwamba Jumatatu atakuwa na kazi. Lakini hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo Mzee Chambuso alikuwa amekiweka kidonge chake juu ya cheti, mapajani, na mikono ameikunja.

"Meza, mzee mwenzangu," alisema Mlezi Mkuu. "Cheti kitabaki chako."

"Kitabaki, Mheshimiwa, lakini kitakuwa cha uongo. Kimeandikwa sitahitaji dawa maisha yangu yote." Mzee aliongea taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. "Nimeshona miaka thelathini na nane, sijawahi kutoa nguo isiyolingana na mwenyewe. Nimepewa kitu kimoja tu na nchi hii. Sikiharibu."

"Baba," alisema Kidawa.

"Na wewe, mama, usinitazame hivyo. Wewe ndiye msomi wa haya mambo. Kimekaa sebuleni wiki sita. Hukuniambia kwamba kina kasoro. Ulikuwa unakipangusa vumbi."

Kidawa alikuwa bado na kipaza sauti. Alikiweka mezani, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akazishika zile nguo alizozishona mzee mwenyewe kwa ajili ya siku hii, kwenye magoti.

"Niliona unafurahi," alisema. "Sijawahi kukuona unafurahi hivyo, nikashindwa. Cheti ni cha uongo, baba. Kilikuwa cha uongo tangu siku ya kwanza, na mimi nilijua. Unaumwa. Usipomeza utakuwa kama Bi Mwantumu, au utakufa, na mimi sitaki ufe."

Mzee Chambuso alikichukua kidonge juu ya cheti, akakimeza, kisha akamkabidhi binti yake cheti akishike.